Nyundo ya Waswa Iliponyamaza

Aloo alimtuma mumewe unga. Paketi moja tu, duka la pale kona, na arudi upesi kwa sababu maji yalikuwa yameshachemka. Lakini kumtuma Waswa unga wakati njia ya dukani inapita penye gari lake ni kumtuma fisi buchani. Alipokaribia karakana yake na kuliona lile Corolla kuukuu limekaa bila kioo hata kimoja, alijiambia: nigonge lile bamba la sakafu kidogo tu, kisha niende dukani. Hiyo "kidogo tu" ya waume, wake zao wanaijua.

Waswa alikuwa fundi wa mageti hapo Manyatta, Kisumu. Alitoka Bungoma kuja kutafuta kazi, akapata kazi na mke pia. Siku za kazi alichomelea mageti na madirisha ya watu. Saa zake za kupumzika alitengeneza magari ya kuvunjwa. Msishangae. Kuna wanaofuga njiwa. Waswa na shemeji yake Opondo, mdogo wake Aloo, mwendesha boda mwenye maneno mengi, walitafuta magari yaliyokwisha kukata tamaa, wakayafufua, wakayapeleka kwenye uwanja wa udongo wa murram kando ya ziwa. Huko waligongana na wenzao mpaka likabaki gari moja tu linalonguruma. Hilo ndilo lililoshinda.

Gari la mchezo huo lina matayarisho yake. Viti vinang'olewa vyote isipokuwa cha dereva. Milango inachomelewa isifunguke, kwa hiyo dereva huingia na kutoka kwa dirisha. Ekzosi inakatwa iwe fupi ili gari lingurume. Na pembeni mwa dirisha hufungwa kijiti chenye kitambaa cheupe. Gari likikufia, unakivunja, unabaki umetulia humo ndani mpaka mchezo uishe, na hakuna anayeruhusiwa kukugusa tena. Kumgonga mtu aliyevunja kijiti ni aibu isiyofutika.

Majirani walikuwa wamechoka na nyundo ya Waswa. Mama Perez, aliyekaanga samaki mkabala na karakana, alizoea kusema kwamba siku Waswa akifa, Manyatta itapata usingizi.

Jioni hiyo Waswa alijipenyeza kwa dirisha, akachutama ndani, akaanza kugonga. Ka! Ka! Ka! Jua lilikuwa linazama. Upepo ukaanza kuvuma kutoka ziwani.

Ndipo sufuria zikaanza.

Kwanza nyumba moja, upande wa chini. Kisha ya jirani yake. Kisha mabati, ndoo, vifuniko, mageti... mtaa mzima. Watu wa ziwa wanajua maana yake. Nyawawa walikuwa wanapita. Hao ni roho zisizo na kwao, hutoka ziwani na upepo wa jioni zikitafuta pa kukaa, na kila nyumba hugonga chuma kuziambia ziendelee na safari. Wewe unazisukuma kwa jirani, jirani anazisukuma kwa wa mbele yake.

Waswa alikuwa amesimuliwa hayo na mkewe tangu waoane. Kwao hayakuwepo, na kila mara yalimchekesha. Basi akatabasamu, akafanya jambo dogo sana. Aliweka nyundo chini ili asikie vizuri.

Manyatta yote ililia chuma. Aliyenyamaza alikuwa yule yule mtu wa kelele.

Upepo uliingia kwa dirisha la kulia, ukampiga usoni, baridi. Haukutoka kwa dirisha la kushoto.

Harufu ikaja. Tope. Magugu ya ziwani yaliyooza... Halafu gari likainama upande wa kushoto, polepole, springi zikilia kwiiii, jinsi linavyoinama mtu mzito anapoketi.

Upande ule hakukuwa na kiti.

"Nani?" Waswa aliuliza.

Sufuria zikanyamaza moja baada ya nyingine. Waswa alitoka kwa dirisha kwa haraka mpaka akachubuka tumbo, akaenda nyumbani moja kwa moja. Unga aliusahau.

Alibisha mlango. Akabisha tena, kwa ngumi. Akaingia, akasimama nyuma ya mkewe na kumwita. Aloo aligeuka, akaruka, mwiko ukamponyoka.

"Waswa, mbona unaingia kwa nyumba kama mwizi? Si ubishe?"

"Nimebisha," Waswa alisema.

"Hujabisha. Na unga iko wapi?"

Usiku huo walilala na chai.

Asubuhi Waswa alishika nyundo, akagonga bamba. Pu. Akagonga kwa nguvu zaidi. Pu. Chuma kililia kwa sauti ya tope. Alidhani masikio yameziba, lakini pikipiki zilikuwa zinapita nje na alizisikia vizuri, na Mama Perez alisikika ng'ambo ya njia akigombana na mteja. Kilichokuwa hakisikiki ni cha Waswa. Opondo alipokuja alimkuta anatoa jasho, anapiga geti la mtu kwa nyundo kubwa, kimya.

"Buda, hiyo ni magic gani?" Opondo alicheka. "Washa hiyo gari tusikie."

Waswa aliliwasha. Gari likatetemeka, moshi ukatoka kwenye ekzosi iliyokatwa... lakini hakuna mngurumo. Lilikuwa bado limeinama kushoto. Opondo aliacha kucheka.

Jumapili kanisani, Waswa aliimba besi yake kama kawaida. Mwenzake wa pembeni alimgeukia akamnong'oneza mbona anafungua tu mdomo. Wateja wakaanza kumpita karakanani kwake wakidhani hayupo, hali anawasalimu. Tuseme ukweli, mwanamume aliogopa. Alikuwa mtu wa kujulikana kwa kelele zake, na sasa alikuwa anafutika huku watu wanamwangalia.

Lakini lililowavunja miguu lilitokea jioni moja, Aloo alipoegemeza kichwa kifuani mwake, kama alivyozoea. Alikaa hivyo muda mrefu. Kisha akainuka, macho yamemtoka.

"Waswa... moyo yako siisikii."

Hakungoja kupambazuke. Alimshika mkono wakavuka njia hadi kwa Mama Perez, aliyekuwa anazima jiko lake. Mama Perez alizaliwa Luanda Kotieno, ufukoni kabisa, na mambo ya ziwa aliyanyonya pamoja na maziwa. Aliwasikiliza bila kukatiza.

"Ile siku watu walipiga sufuria, ulikuwa wapi?" alimuuliza Waswa.

"Kwa gari."

"Ulipiga?"

Ilibidi Mama Perez ainame karibu ili asikie jibu. "Nilinyamaza kidogo. Nisikie."

Mama huyo alitua kijiko chake cha kugeuzia samaki.

"Yawa. Kila siku unatuua na nyundo, na hiyo siku moja ndiyo ulinyamaza? Huyo mgeni ulimkaribisha wewe. Na milango umeshachomelea, hana pa kutokea. Sasa anakula sauti yako. Ikiisha atakula mwenye sauti."

"Tufanye nini, Mama?" Aloo aliuliza.

"Chuma kwa chuma. Si hii ya nyundo, hii ameshazoea. Kishindo kubwa, na gari iwe inaangalia ziwa, ndio apate njia ya kurudi kwao." Akamshika Waswa mkono kwa nguvu. "Lakini usikie vizuri, baba. Akitoka, anaenda mbele, kwa ile kitu imenyamaza. Katikati yako na ziwa kusikuwe na mtu."

Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Huyu mgeni wao hakuwa wa kupewa jembe, na mchezo ulikuwa Jumamosi.

Uwanja ulijaa. Watoto walipanda juu ya mawe, wauza miwa wakapita katikati ya watu. Gari la Waswa lilipoingia bila sauti yoyote, watu waliangua kicheko. Ameweka betri, walisema, Manyatta imetengeneza gari ya umeme. Opondo aliingia nyuma yake na gari lake jekundu, ekzosi inabweka, akampungia mkono shemeji yake.

Bendera ikashuka.

Waswa aligonga. Akarudi nyuma, akagonga tena. Rejeta za watu zilipasuka, maboneti yakakunjika, na kila alipogonga yeye ilitoka ile sauti moja. Pu. Alijaribu kuliweka gari liangalie ziwa, lakini kila alipolielekeza kulikuwa na mtu mbele yake, na kila kishindo kilimezwa. Maji yalikuwa yamejaa mahali palipong'olewa kiti. Hakuna mvua iliyonyesha.

Halafu akasikia mtu anaimba.

Ilikuwa besi. Wimbo wa Jumapili, taratibu, kwa kunong'ona, kutoka kushoto kwake. Aliijua sauti ile kwa sababu alikuwa ameishi nayo maisha yake yote.

Ilikuwa yake.

Alihisi kifua kimetulia mno, moyo unapiga kwa uvivu, unapiga, unangoja... unapiga. Akatazama huku na huku. Magari yalikuwa yamekufa karibu yote, vijiti vimevunjwa, madereva wametulia ndani. Jingine moja tu lilikuwa linanguruma, mbali, upande wa barabara. Na upande wa ziwa, hapo mbele yake, lilisimama gari jekundu. Rejeta yake ilikuwa inatoa mvuke. Opondo alikuwa amekaa ndani na kofia yake ya boda, anampigia shemeji makofi.

Kijiti chake kilikuwa kimevunjika. Kitambaa cheupe kilining'inia mlangoni.

Waswa aliona. Wako watakaosema hakuona, kwamba vumbi lilikuwa jingi na jua lilikuwa machoni. Aliona. Angeweza kukata kona, akapita pembeni ya gari lile mpaka ukingoni, akagonga jiwe, akagonga mti, akagonga chochote. Lakini moyo wake ulipiga, ukangoja, na safari hii haukurudi.

"Piga," sauti yake ilimnong'oneza kutoka kushoto.

Akapiga.

BUUUM!

Kishindo kilirudi na vyote vilivyokuwa vimemezwa. Injini ikabweka, bati likalia, watu wakapiga mayowe, na Waswa alijisikia akipiga kelele, kelele yake mwenyewe, nene, nzima. Moyo ulimdunda mpaka kooni. Alilia kwa furaha, na hatumlaumu kwa hilo. Gari lake likainuka kushoto, likakaa sawa.

Kisha gari jekundu likaanza kuinama.

Polepole. Springi zikilia kwiiii...

Walimtoa Opondo kwa dirisha. Hakuwa na mkwaruzo hata mmoja. Suruali yake ilikuwa imelowa maji yenye harufu ya tope. Aliwatazama watu wote, akawa anazungumza, anaeleza jambo kwa mikono yake miwili kama kawaida yake, na midomo yake ilikuwa inakwenda mbio.

Hakuna aliyesikia kitu.

"Opondo, sema na mimi," Aloo alimwambia, amemshika mashavu. "Ndugu yangu, sema."

Waliosimamia mchezo walimfukuza Waswa uwanjani kwa kuvunja sheria. Aloo alimgeukia.

"Haukuona kijiti imevunjika?"

"Sikuona," Waswa alijibu. Uwanja mzima ulimsikia.

Hospitalini walisema ni mshtuko, sauti itarudi yenyewe, wampe muda. Lakini tangu siku hiyo, Waswa akipita, Mama Perez huinamia samaki wake, hugeuza bila kuinua macho mpaka apite. Aloo alimchukua mdogo wake akakae kwao, kwa sababu mtu asiyesikika hawezi kuendesha boda wala kuuza hata njugu. Gari jekundu walilikokota hadi nyuma ya karakana. Waswa alilikata vipande kwa mikono yake, sakafu na milango na yote. Ndani hakukuwa na kitu. Maji yalikuwa yamekauka.

Jana jioni upepo ulivuma tena kutoka ziwani. Sufuria zikaanza upande wa chini, zikapanda, zikafika kwao. Aloo alimpa Opondo sufuria na mwiko, yeye akachukua kifuniko, akatoka nje kupiga pamoja na majirani. Waswa alibaki ndani na shemeji yake, wamekaa kwenye benchi moja, kila mtu na sufuria yake.

Opondo alipiga. Alipiga kwa nguvu zake zote, mishipa imemsimama shingoni, mwiko ukapasuka. Haikutoka sauti. Akaacha. Akamtazama Waswa, machozi yanamtiririka.

Benchi likalia. Kwiii...

Na kutoka mwisho wa benchi, kushoto kwa Opondo, mahali ambapo hakuna mtu aliyekaa, sauti ya Opondo ilisema taratibu, kwa uchangamfu wake ule ule:

"Shem... kijiti uliona."

Nje, Aloo alisimama mlangoni. "Nani ameongea? Ni Opondo?"

Waswa alianza kupiga sufuria. Alipiga kuliko alivyowahi kupiga chuma chochote. Mtaa ukamaliza, nyumba moja baada ya nyingine, na upepo ukatulia.

"Waswa, wameshapita," Mama Perez aliita kutoka ng'ambo. "Wacha sasa."

Aloo alikuwa ameingia, amesimama mbele yake, anamuuliza kitu. Aliona midomo yake ikienda. Akapiga kwa nguvu zaidi, asimsikie, naye Aloo asiisikie ile sauti, na mpaka giza lilipoingia kabisa Waswa alikuwa bado anapiga.