Vyoo Vilihesabiwa, Watu Hawakuhesabiwa

Mvua ilikuwa imenyesha. Asubuhi, Marieta aliona nyayo kwenye tope mbele ya choo kipya. Zilikuwa nyayo za katambuga, viatu vya matairi, pana, za baba mkwe wake, mzee Makongoro. Nyayo za mwanamke hazikuwepo. Za mtoto hazikuwepo. Marieta alijua sababu.

Ndani, mtoto wake Lukas alikuwa anaharisha siku ya tatu. Huo ulikuwa mwaka 1992. Zahanati ya Suguti ilikuwa na jengo zuri, ila dawa hakuna. Dorotea, mhudumu wa afya wa kijiji, alikuja na daftari lake. Alimwonyesha Marieta kuchanganya maji yaliyochemshwa, chumvi na sukari.

"Mnyweshe kidogo kidogo, mama Lukas. Usimwache akauke." Kisha akaandika. "Huyu ni wa kumi na tisa mwezi huu. Mwaka jana mwezi kama huu, kabla ya vyoo, walikuwa ishirini. Sasa vyoo hivi vimetusaidia nini?"

Mchana kulikuwa na mkutano. Bwana Felisiani alitoka Musoma mjini, kwenye shirika lililojenga vyoo. Alisoma karatasi yake kwa sauti kubwa.

"Vyoo arobaini vilipangwa, vyoo arobaini vimejengwa! Mradi umefaulu!"

Watu walipiga makofi. Dorotea alisimama na daftari.

"Watoto wanaharisha kama zamani, bwana Felisiani."

"Basi kina mama ni wachafu!" alijibu Felisiani. "Choo mnacho, mnakimbilia vichakani kama mbuzi. Wavivu tu!"

Wanaume walicheka. Marieta alikuwa amembeba Lukas mgongoni, mwili wa mtoto ukiwa umelegea. Hasira ilimpanda mpaka masikio yakawa ya moto. Alifungua mdomo. Akamwona baba mkwe amekaa mbele, akaufunga.

Jioni, Dorotea alimkuta mtoni, anafua nepi kwa nguvu kama anampiga mtu.

"Hiyo nepi imekukosea nini?"

Marieta hakucheka. "Dada, baba mkwe anaingiaga mle chooni. Kwa mila zetu, mimi mkwe wake nitaingiaje alikotoka yeye? Nikikutana naye mlangoni, uso nitauficha wapi? Kwa hiyo naenda kichakani, na mtoto anamfuata mama yake."

"Mbona hukusema mkutanoni?"

"Niseme vipi, na mwenyewe amekaa pale mbele?"

Dorotea alikaa juu ya jiwe. "Kumbe tumekosea kuuliza. Tumehesabu milango, hatukuhesabu watu. Na kina mama tunawauliza mbele ya wakwe zao! Kesho naanza upya. Nitawauliza hukuhuku mtoni."

Alizunguka wiki mbili. Kwenye daftari alichora mistari. Kila nyumba aliandika nani anaingia chooni, nani haingii na kwa nini, na watoto wangapi wameharisha. Nyumba ishirini na saba, wakwe wa kike hawakuingia. Na katika wale watoto kumi na tisa, kumi na saba walitoka nyumba hizo.

Felisiani aliporudi, alisoma daftari huku amekunja uso.

"Wafadhili huwa wanauliza vyoo vingapi," alisema.

"Wewe waambie watoto wangapi wanaumwa," alijibu Dorotea. "Choo ni kazi mliyofanya. Mtoto mzima ndiyo faida yake. Hivyo ni vitu viwili."

Felisiani alinuna. Lakini aliondoka na nakala ya ile orodha. Mwezi uliofuata alileta mifuniko ya zege ishirini na saba. Kila moja ya nyumba hizo ilichimba shimo la choo la pili, nyuma ya jiko la mkwe wa kike, likazungushiwa uzio wa nyasi. Kazi ilipoisha, Felisiani alitaka kufunga mradi.

"Bado," alisema Dorotea. "Tungoje mvua, tuhesabu tena. La sivyo tutajuaje?"

Mvua za mwaka uliofuata zilikuja. Katika mwezi ule ule, watoto walioharisha walikuwa wanne. Lukas hakuwa mmoja wao. Alikuwa amenenepa, anafukuza bata mchana kutwa.

Mkutanoni, Felisiani aliisoma hesabu hiyo mwenyewe. Makofi yakapigwa. Kisha akamgeukia Marieta akitabasamu.

"Mama Lukas, tatizo mlilijua. Mbona hamkutuambia mapema?"

Marieta alisimama. Mzee Makongoro alikuwa amekaa mbele, naye akageuza uso pembeni, kama baba mkwe anavyopaswa. Lakini Marieta hakuishusha sauti.

"Hukutuuliza. Ulitutukana."

Wale waliopiga makofi wakamgeukia.

"Mwanangu alikuwa anakufa mgongoni kwangu, wewe ukaniita mchafu, watu wakacheka. Mimi si mchafu. Nimekuwa na hasira na wewe mwaka mzima, bwana Felisiani. Na bado ninayo."