Mbwa wa Jumapili

Jumapili ya mwisho ya Oktoba, saa tatu asubuhi, kituo cha treni cha Sheffield, Uingereza, kilikuwa kimefurika watu wenye mabegi mgongoni na mabuti mazito, wote wakikimbilia vilimani kabla baridi haijakaza. Verity Holroyd alisimama katikati yao na kikombe cha kahawa, koti lake jekundu amelifunga mpaka kidevuni. Alikuwa na miezi minane mjini hapo, akipima watu macho katika duka la miwani, na maneno aliyokuwa amezungumza zaidi na wenyeji ni "soma mstari wa chini." Upweke ulikuwa umemchosha. Ndipo kitu kikaanza kumzunguka miguuni.

Ilikuwa kamba. Upande mmoja wa kamba alikuwepo mbwa mwenye masikio marefu, kahawia na mweupe. Upande wa pili alikuwepo mwanamume mrefu aliyevaa kofia ya sufu, uso umemwiva kwa aibu.

"Samahani sana, dada. Usisogee, utaanguka. Bramley, rudi. Hapana, pita upande mwingine."

"Umenifunga kama kuni," Verity akasema.

"Yeye ndiye amekufunga. Mimi namfuata tu."

"Na kahawa yangu imeingia kwenye kiatu."

"Nitakununulia nyingine. Kahawa, namaanisha. Viatu sijui namba yako."

Verity akacheka, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu Agosti. Akainama kumkuna mbwa masikio. "Mbwa wako mzuri."

"Asante," akajibu mwanamume huyo, Glenn Tattersall.

Neno hilo moja lilikuja kumnyima usingizi. Lakini siku hiyo lilimfungulia mlango. Watu wetu hawamsemeshi mgeni ndani ya treni hata kofia yake ikishika moto, ila mgeni mwenye mbwa ni ndugu. Treni ilipofika kijiji cha Hathersage huko vilimani, Verity alishajua kwamba Glenn ni dereva wa tramu, treni za barabarani za mjini, kwamba ana miaka arobaini na moja, na kwamba hajawahi kuoa kwa sababu, kwa maneno yake mwenyewe, "hakuna aliyeniomba." Wakashuka pamoja, wakatembea pamoja, wakagawana pai ya nyama ya Verity chini ya mti uliokuwa ukipukutisha majani yenye rangi ya kutu.

Wakarudia Jumapili iliyofuata, na iliyofuata. Katikati ya wiki simu ndizo zilizofanya kazi.

"Unafanya nini?"

"Nakula maharage juu ya mkate. Wewe?"

"Nakusikiliza ukitafuna. Bramley yupo? Mpe simu nimsalimie."

"Ah, amelala."

"Saa kumi na mbili jioni?"

"Amechoka, maskini."

"Glenn, hivi huyo mbwa ana umri gani?"

"Minne."

"Juzi ulisema sita."

"Anakua haraka," Glenn akasema, akaanza kuzungumzia mvua.

Mtu anayesoma macho ya watu kutwa nzima hashindwi kuona kitu kikifichwa. Verity aliona, na alitaka kujua. Kulikuwa na jambo jingine lililomtatiza zaidi. Mwisho wa matembezi, karibu na mto, walipita kwenye lango la busu, lile la chuma linalopitisha mtu mmoja mmoja. Desturi yake kila mtu anaijua: aliyetangulia hulishikilia, na wa nyuma hapiti mpaka alipe busu. Glenn alitangulia mara nne. Mara zote nne alilifungua wazi kabisa, akasogea kando na kusema, "Angalia matope."

Verity alikuwa ameshampenda. Ndiyo maana matope yale yalimuuma.

Jumapili ya mwisho ya Novemba walikwenda baada ya siku tatu za mvua. Kwenye treni Glenn hakusema hata neno moja la utani. Walipokaribia Hathersage akakohoa.

"Nina jambo la kukwambia, Verity. Si hapa. Tukifika langoni."

Wakashuka kwenye treni. Wakaanza kupanda. Njia ilikuwa imegeuka uji. Kila hatua ilitaka kubaki na buti. Ukungu ulikuwa umewakalia kondoo mpaka wakaonekana vichwa tu. Saa nzima walitembea hivyo, mbwa peke yake akifurahi, mpaka buti la kushoto la Verity likanaswa na mguu ukatoka mtupu, soksi ya manjano ikazama kwenye tope.

"Sema sasa," akasema, amesimama kwa mguu mmoja.

"Ngoja nikuvutie buti kwanza."

"Liache. Unaniacha, sivyo? Mtu hahitaji kilomita nane za matope kuniambia hivyo. Ungeniandikia ujumbe, nikabaki kitandani."

Glenn alifungua kinywa. Wakati huohuo sungura akachomoka kwenye majani makavu, kamba ikamponyoka Glenn mkononi, na Bramley akapita chini ya uzio kama maji, kuelekea malisho ya kondoo. Mbwa akikutwa anafukuza kondoo huku kwetu, mfugaji haulizi jina lake, anachukua bunduki. Glenn akawa mweupe.

"Mungu wangu," akasema, "nitamwambia nini?" Akaruka uzio na kutokomea kwenye ukungu akiita.

"Utamwambia nani?" Verity akauliza, lakini alikuwa amebaki peke yake.

Alivaa buti lake lililojaa maji akashuka upande wa mto, machozi yakimtoka, akiita jina la mbwa kwa sauti ya kukwaruza. Kwa hiyo kuna mtu nyumbani. Kwa hiyo ndiyo maana busu halikudaiwa. Alipofika langoni akamkuta Bramley ng'ambo yake, ameketi anatetemeka, akiwasubiri pale walipomalizia kila Jumapili. Verity akapita, akaishika kamba, akampigia Glenn. Simu haikupatikana. Akafuta tope kwenye kibati cha shingoni mwa mbwa. Maandishi yalikuwa madogo, lakini hiyo ndiyo kazi yake. Jina na namba ya simu. Namba haikuwa ya Glenn.

Alipiga kabla hajajishauri.

"Haloo?" Sauti ya mwanamke.

"Nimempata mbwa. Bramley."

"Yuko mzima? Na Glenn yuko wapi?"

"Wewe ni nani wake?"

"Mimi? Jirani yake, mwanangu. Marjorie. Nina miaka themanini na moja na nyonga ya chuma. Na wewe utakuwa yule dada wa miwani."

Verity akaegemea lango, Marjorie akaendelea.

"Mbwa ni wangu. Nilipoanguka nilimwomba Glenn amtembeze Jumapili moja tu. Akarudi amechanganyikiwa, anataka kumtembeza kila wiki. Nikamwambia, mweleze ukweli huyo dada. Kesho binti yangu ananichukua kwenda kuishi naye mbali huko Whitby, mimi na mbwa wangu. Nilimwambia Alhamisi, na tangu hapo Glenn hali chakula vizuri. Ananiuliza, Marjorie, bila mbwa nitamwambia aje kufanya nini?"

Glenn alitokea dakika kumi baadaye upande wa pili wa lango. Kofia ilikuwa imepotea, tope limempanda mpaka kwenye nyusi.

"Mzima?"

"Mzima. Ana umri gani?"

Glenn alimtazama mbwa, kisha akaitazama simu mkononi mwa Verity. "Sijui," akasema. "Si wangu. Ulisema mbwa wako mzuri, nikasema asante. Kila Jumapili nilitaka kurekebisha, na kila Jumapili ulikuwa unacheka, nikashindwa."

"Ndiyo maana hukudai busu?"

"Ningedaije kwa mbwa wa mtu?"

Verity aliuma mdomo. "Nimekasirika, ujue. Nimelia njia nzima namwonea wivu bibi wa miaka themanini na moja."

"Samahani. Na Jumapili ijayo sitakuwa na mbwa, Verity. Nitakuwa na mimi tu."

"Na nani alikwambia nilikuwa nakuja kwa ajili ya mbwa?"

Glenn akasukuma lango apite. Halikwenda, Verity alikuwa ameliegemea kwa nyonga.

"Unakwenda wapi, mpenzi?"

"Upande wako."

"Hapa hapiti mtu bure."

"Nina tope mpaka masikioni."

"Nimeliona. Lipa."

Akalipa. Lilikuwa busu la baridi lenye mchanga ndani yake, na lilichukua muda mpaka Bramley akachoka kungoja, akajikung'uta na kuwarushia wote wawili tope lililombakia.

Jumapili iliyofuata Verity alisimama kituoni katika koti lake jekundu. Glenn alikuja amenyoa ndevu, ameshika vikombe viwili vya kahawa, na mfukoni mwake inaning'inia kamba ya mbwa.

"Hiyo ya nini sasa?"

"Marjorie aliniachia mlangoni. Nimeichukua kwa mazoea. Watu wananitazama."

Verity akaichomoa mfukoni, akaushika ule mwisho uliokuwa wa Bramley, akampa Glenn mwisho wa pili.

"Twende, treni hiyo," akasema. "Na mimi nina miaka thelathini na sita. Ukiulizwa, usibahatishe."