Kichwa Alichokiacha Nusu

Jambo hili lilimpata shangazi yangu, msusi, ambaye mtaa mzima ulimwita Vidole kwa wepesi wa mikono yake. Alikuwa amekwenda ng'ambo kumtembelea mwanawe, fundi wa lifti. Kijana alimpokea vizuri, akamnunulia na koti zito. Lakini alitoka alfajiri na kurudi jioni akiwa hoi, na shangazi akabaki na kuta nne. Wanasema mgeni ni kuku mweupe, ila kule hata weupe wake haukuonekana. Watu walimpita kwenye ngazi bila kumtupia jicho. Akazoea kupiga soga na birika la chai.

Siku ya mapumziko walipanga kwenda ziwani kwa treni. Asubuhi ikaingia simu ya kazini: lifti imekwama na watu ndani.

"Mama, nisamehe. Tutakwenda siku nyingine."

"Nenda baba, kawatoe watu wa watu. Mimi nitajipeleka mwenyewe."

Hata safari haijafika nusu, mvua ikaanza kumwagika. Vioo vya behewa vikawa vyeupe. Shangazi akacheka peke yake: maji juu, maji chini, ziwa nitalitofautishaje? Akabadili shauri. Atashuka kituo kinachofuata, arudi na treni ya kwanza, akapike. Akampigia mwanawe kumwarifu, naye akamwambia asiwe na wasiwasi, treni za kurudi hazikosekani.

Kilikuwa kituo kidogo: chumba kimoja cha kungojea, benchi la mbao, kipaza sauti darini. Kwenye benchi aliketi mwanamke, uso ukutani, mgongo mlangoni. Nywele zake ndefu zilikuwa zimelowa chapachapa.

Kipaza sauti kikatangaza jambo kwa lugha ile ambayo shangazi hakuijua.

"Wanasema treni imechelewa," mwanamke akasema. Kwa Kiswahili.

Shangazi nusura alie. "Jamani, dada yangu! Kumbe na huku tupo?"

"Nipo hapa siku nyingi. Nywele zimeniharibikia. Nisuke, basi, tukingoja."

Hakujiuliza amejuaje kwamba yeye ni msusi. Furaha ilimziba macho. Mwanamke akateleza, akaketi sakafuni, bado kampa kisogo, na shangazi akakaa nyuma yake. Akapasua njia ya kwanza kwa ukucha, akaanza. Nywele zilikuwa za baridi, baridi ya maji ya kisimani. Alizikamua zikatiririka, akazikamua tena. Akatazama chini.

Sakafu ilikuwa kavu.

Hata hivyo aliendelea. Aliongea kama aliyefunguliwa mdomo: marehemu mumewe, saluni yake, mwanawe anayekula huku anasinzia. Mwanamke aliitikia, "Ehe. Ehe." Hakuna aliyemsikiliza hivyo tangu afike. Kila kipaza sauti kilipolia, mwanamke alimfasiria kwa upole.

"Imechelewa tena."

Mara simu ikaita. Shangazi akaibana kwa bega, mikono ikisuka.

"Mama, uko wapi? Jioni hii! Treni zinapita moja baada ya nyingine!"

"Hakuna iliyopita, baba. Wanasema zimechelewa."

"Nani anasema?"

Shangazi akainua macho dirishani. Treni ilikuwa imesimama pale pale. Milango wazi. Abiria wote walikuwa wamegeuza nyuso, wanamtazama. Hakuisikia ikija. Alipopepesa macho haikuwapo, wala hakuisikia ikiondoka.

Simu ikamdondoka.

"Usitazame huko," mwanamke akanong'ona. "Bado nusu. Ukimaliza, nitageuka."

Alitaka kuachia. Vidole vikakataa. Viliendelea kusuka, vyenyewe, upesi upesi, kuliko alivyowahi kusuka maishani. Akapasua njia nyingine kutafuta ngozi ya kichwa. Hakukuwa na ngozi. Nywele tu. Nywele na maji. Na la kutisha zaidi, baadaye alituambia, ni kwamba moyo wake ulitamani kumaliza.

Mlango ukafunguliwa. Alikuwa mzee mfagiaji wa kituo. Alimtazama shangazi, akatazama mikono yake, kisha akarudi nyuma hatua. Hakuingia. Alinyoosha mpini wa ufagio kutoka kizingitini, kama anayemnyooshea fimbo mtu anayezama.

Akasema neno. Safari hii shangazi hakungoja kufasiriwa. Akaurukia mpini kwa mwili mzima, akauuma kwa meno, na mzee akavuta. Vidole vikaachia.

Nyuma yake, taratibu, bila hasira:

"Utamalizia nyumbani."

Mzee alimsindikiza hadi ndani ya behewa akiwa amemshika mkono, na mwanawe akampokea stesheni. Nyumbani kijana alimvua kilemba kilicholowa ili amkaushe kichwa, kichwa cha mvi alizozikata fupi mwenyewe. Mikono yake ikasimama.

"Mama, nani kakusuka?"

Kisogoni palining'inia msuko mmoja, mrefu, mweusi, unachuruzika. Kijana akaukata kwa mkasi, akautupa nje, akafunga madirisha yote. Usiku ule alilala mlangoni pa chumba cha mama yake, na hakuna aliyepita.

Asubuhi shangazi alipoamka, mto wake ulikuwa na mashimo mawili. Moja la kichwa chake. Lingine kando yake, limebonyea, limelowa maji ya baridi.