Neno Moja kwa Milango Yote

Kila akitoka shule, Pini alibadilisha sare, akala, kisha akaingia katika chumba cha ushonaji cha mama yake. Jina hilo la utani alilipata humo, kwa kuokota pini sakafuni kwa sumaku. Kazi aliyoipenda zaidi ilikuwa kupiga picha magauni yaliyokamilika na kuyaweka kwenye ukurasa wa mama mtandaoni. Wateja wengi walimjua mama kupitia huko.

Siku hiyo alipofungua ukurasa alipigwa na butwaa. Picha mia nne, kazi ya miaka sita, haikubaki hata moja.

"Mama! Zimefutwa!"

Mama aliacha cherehani. "Na nani? Kesho bibi harusi anakuja kuchagua mshono humo humo!"

Mjomba, fundi simu wa mtaa wa pili, aliitwa mbio mbio. Alibonyeza hapa na pale, kisha akasoma kwa sauti: "Aliyezifuta aliingia jana saa kumi. Kwa simu ya Mama Pacha."

Pini alilijua jina hilo. Mama Pacha alikuwa mama yake Chiriku, rafiki yake wa dawati moja, aliyenuna wiki nzima tangu Pini achaguliwe kuongoza kwaya.

"Ukurasa huu umeunganishwa na barua pepe ya nani?" mjomba aliuliza.

"Yangu," Pini alijibu.

"Na neno lake la siri?"

Pini aliinamisha kichwa. "Ni lile lile la mchezo wa magari. Nilimpa Chiriku acheze."

"Basi ulimpa nyumba nzima, mpwa wangu. Alijaribu neno hilo kwenye barua pepe, likakubali. Akiwa humo akaomba neno jipya la ukurasa wa mama, akaletewa. Akaunti zako zimeshikana mikono."

Pini alitoka mbio hadi kwa kina Chiriku. Alimkuta anaanua nguo.

"Kwa nini?"

"Nilikasirika," Chiriku alisema bila kumtazama. "Halafu, si ulinipa mwenyewe?"

"Nilikupa ucheze!"

Alirudi analia njia nzima. Madaftari waliazimana, siri wakaambiana, na huyo huyo ndiye aliyemgeuka.

Nyumbani alikuta picha zimerudi. Mjomba alikuwa amezitoa kwenye kapu la mtandao, ambako vilivyofutwa hukaa siku thelathini. Pini akashusha pumzi.

"Sasa kila akaunti iwe na neno lake," mjomba alisema, "na simu ya mama iulizwe kwanza kabla mtu mpya hajaingia."

Mama alichukua simu. Kabla ya kuandika neno jipya, aliigeuza upande, Pini asione.

"Mama, hata mimi?"

"Chiriku amekuumiza wewe, mwanangu. Mimi umeniumiza wewe," mama alisema taratibu. "Neno la siri halitolewi kwa rafiki, hata awe wa damu. Siku nikiona umejua kulitunza, nitakuonyesha."

Pini alichukua sumaku yake, akapiga magoti, akaanza kuokota pini.