Barua Iliyotiwa Chumvi

Likizo ile, kila siku saa moja na nusu asubuhi, Chumvi alikuwa ameshafunga kamba za viatu na kusimama mlangoni akimsubiri mama yake. Mama alikuwa na tabia ya kutafuta miwani aliyoipandisha kichwani mwenyewe, na Chumvi alikuwa na tabia ya kumwacha ahangaike kidogo kabla ya kumwonyesha. Walicheka wote wawili, wakafunga mlango na kushika njia ya kwenda chuo kikuu, mwendo wa dakika ishirini kwa miguu.

Chumvi alikuwa msichana wa miaka kumi na miwili. Jina hilo hakupewa na wazazi wake. Alipewa na darasa zima. Mwalimu akichelewa dakika tano, Chumvi alisimulia kuwa amechelewa saa nzima na gari lake limepata pancha mbili. Paka akipita dirishani, katika hadithi ya Chumvi alikuwa chui. "Huyu hawezi kusimulia bila kutia chumvi," wenzake walisema, na jina likamganda. Yeye hakulichukia. Watu walipenda hadithi zake, naye alipenda kupendwa.

Mama yake alikuwa mkuu wa Ofisi ya Ufadhili pale chuoni. Ofisi yenyewe ilikuwa ghorofa ya pili: meza tatu, kabati la chuma lililojaa mafaili, feni iliyokohoa kabla ya kuzunguka, na ukuta mzima wa picha za wanafunzi waliovaa majoho. Siku ya kwanza Chumvi aliuliza, "Mama, kwani kazi yako ni kuombaomba?"

"Kuombaomba!" Mama alicheka mpaka akakiweka kikombe mezani. "Sikiliza, mwanangu. Kuna mtu anataka kumsaidia mwanafunzi, lakini hajui amsaidie yupi. Kuna mwanafunzi ana akili kama wembe, lakini ada imemshinda. Mimi nawatafuta wote wawili na kuwakutanisha. Hapo kazi ndiyo kwanza inaanza, maana aliyetoa anataka kujua mchango wake umefanya nini."

Mama alikuwa ameanza kazi hapo kama karani wa kubandika stempu. Sasa aliongoza watu saba, na Makamu Mkuu wa Chuo hakuamua jambo lolote la wafadhili bila kumwuliza.

Chumvi naye alikuwa na kazi yake. Mwandiko wake ulikuwa mzuri kuliko wa mtu yeyote ofisini, na wafadhili walipenda barua iliyoandikwa kwa mkono. Mama aliandaa maneno, Chumvi akayanakili kwenye karatasi nzuri, Mama akatia sahihi, kisha tarishi wa ofisi, mzee mcheshi aliyeitwa Bwana Bahasha, akazipeleka posta.

Jumatatu alinakili barua kumi na moja bila kukosea hata herufi. Ya kumi na mbili ilikuwa ya Bibi Mikate, mama mmoja mjane mwenye kiwanda kidogo cha mikate, ambaye alimlipia ada binti aliyekuwa akisomea udaktari wa mifugo. Maneno ya Mama yalikuwa haya: "Binti yuko mwaka wa tatu. Anaendelea vizuri. Anakushukuru sana."

"Basi?" Chumvi alijisemea. "Barua kavu kama mkate wa juzi!"

Akaitazama karatasi. Akamtazama Mama, aliyekuwa akizungumza kwenye simu. Kisha kalamu ikaanza kwenda yenyewe. Akaandika kwamba binti yule ni yatima, hana baba wala mama. Kwamba anakula mara moja kwa siku. Kwamba viatu vyake vina matundu, na kila jioni husoma chini ya taa ya barabarani huku mvua ikimnyeshea. Alipofika mwisho, Chumvi mwenyewe alitokwa na machozi kwa kumhurumia binti aliyemtunga.

Bwana Bahasha alikuwa amesimama mlangoni akigonga saa yake kwa kidole. "Posta inafungwa, mheshimiwa!" Mama, simu ikiwa bado sikioni, alitia sahihi barua zote kumi na mbili bila kuzisoma. Maneno si alikuwa ameyaandaa mwenyewe?

Jumatano mchana simu ikalia. Mama alisikiliza, akatabasamu, akasema asante mara nyingi, kisha akakata simu na kumgeukia Chumvi.

"Bibi Mikate amefurahishwa mno na barua yetu! Anasema aliisoma mbele ya kikundi chao cha akina mama, wakalia kama watoto. Ijumaa wanakuja wote kumwona yule binti, na wanamletea nguo, blanketi na viatu." Mama alikunja uso kidogo. "Sijui kwa nini viatu. Lakini ni watu wema sana."

Chumvi alitaka kusema ukweli palepale, lakini aliogopa. Badala yake aliomba ruhusa ya kunyoosha miguu, akashuka ngazi mbilimbili, akakimbia mpaka kwenye mazizi ya chuo, nyuma ya maabara, walikofanyia mazoezi wanafunzi wa mifugo.

Binti wa mifugo alikuwa huko, amevaa mabuti ya mpira na koti la kijani, akimnywesha ndama maziwa kwa chupa. Ndama alivuta kwa nguvu mpaka binti akayumba.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba, mdogo wangu. Usisimame hapo, huyu anapiga teke."

Chumvi akasogea. "Dada, naomba msaada. Ijumaa kuna wageni wanakuja. Unaweza kuwa yatima kidogo?"

"Kuwa nani?"

"Yatima. Kidogo tu. Kwa saa moja."

Binti alicheka kwa sauti, ndama akashtuka na kuiachia chupa. "Mtu anakuwaje yatima kidogo? Wa upande mmoja?" Lakini Chumvi alipoeleza kisa chote, kuanzia karatasi mpaka viatu, kicheko kilikatika. Binti aliiweka chupa juu ya ukuta wa zizi, akajifuta mikono taratibu.

"Baba yangu ni dereva wa lori," alisema. "Tangu niko darasa la kwanza anaamka kabla ya jogoo ili mimi nisome. Mama anauza mboga sokoni, na leo asubuhi amenipigia simu kuniuliza kama nimekula. Wewe umewazika wote wawili kwa kalamu."

Chumvi akainamisha kichwa. "Nilitaka barua iwe nzuri."

"Ningekwambia mambo mazuri, kama ungekuja kuniuliza. Huyu ndama alikuja kinyumenyume, miguu ya nyuma mbele. Mkono wa mwalimu wetu ulikuwa mnene mno, haukupita. Akaniambia, 'Binti, ni wewe sasa.' Nikamtoa mimi." Akampapasa ndama shingoni. "Sitadanganya Ijumaa, mdogo wangu. Nenda ukamwambie mama yako. Tena nenda leo."

Njia ya kurudi ofisini ilikuwa ileile, lakini mara hii ilionekana ndefu. Mama alikuwa peke yake, akipanga mafaili. Chumvi alisimama mbele ya meza, akasema yote kwa pumzi moja kabla ujasiri haujamkimbia.

Mama hakupiga kelele. Alivua miwani, akaketi. Chumvi angeona nafuu kama angefokewa.

"Sahihi ni ya nani kwenye barua ile?" Mama aliuliza.

"Yako."

"Basi kosa ni letu wawili. Wewe umeandika uongo, na mimi nimeutilia sahihi kwa sababu ya haraka. Vaa viatu vyako vizuri. Tunakwenda."

"Kwani hatuwezi kumpigia simu, Mama? Au tuseme binti ni mgonjwa?"

Mama alikuwa ameshachukua mkoba wake. Chumvi akainama kufunga kamba.

Kiwandani kwa Bibi Mikate kulikuwa na joto na harufu ya mikate inayotoka kwenye tanuri. Bibi Mikate, mama mnene mwenye unga mpaka kwenye nyusi, alipowaona alifungua mikono. "Karibuni, karibuni! Kumbe Ijumaa imewahi kufika?"

Mama alianza kueleza, lakini Chumvi alimshika mkono. "Niache niseme mimi, Mama." Akasema. Hakutafuta kisingizio.

Alipomaliza, Bibi Mikate aliketi kwenye gunia la unga. "Nimelia kwa ajili ya barua ile," alisema polepole. "Nimewaliza na wenzangu. Sasa niwatazameje? Watasema nimewatengenezea hadithi ili wafungue kabati zao." Akamgeukia Mama. "Na wewe, mkuu wa ofisi. Nikuamini vipi tena? Nitajuaje kama huyo binti yupo?"

"Una haki ya kuuliza, Bibi," Mama alijibu. "Ukitaka kuacha kutoa, hatutakulaumu. Tumekuja kwa sababu ilikupasa uusikie ukweli kutoka kwetu, kabla hujausikia kwingine."

Bibi Mikate alikung'uta unga mikononi. Alimtazama Chumvi kwa jicho kali. "Umemwona huyo binti kwa macho yako?"

"Ndiyo, Bibi. Leo."

"Haya. Niambie ulichokiona. Ukiongeza hata punje, nitajua."

Chumvi akaanza kusimulia juu ya zizi, mabuti na ndama aliyevuta chupa. Alisimulia jinsi ndama alivyokuja kinyumenyume, na mwalimu mwenye mkono mnene. "Basi dada akaingiza mkono mpaka begani..." Akasita. "Hapana. Hakuniambia mpaka wapi. Aliniambia tu kwamba alimtoa yeye."

Bibi Mikate alikuwa amesogea mbele mpaka gunia likainama. "Ndama yuko hai?"

"Yuko hai. Anapiga teke."

Mara uso wa Bibi Mikate ukabadilika, ukaanza kung'aa. "Mnajua kwa nini nilichagua mwanafunzi wa mifugo? Maziwa ninayotia kwenye mikate hii nanunua kwa wafugaji. Kuna mwaka walipoteza ng'ombe tisa, hakuna daktari. Nikasema, nitasomesha mmoja. Miaka mitatu nangoja kusikia habari kama hiyo! Kila mwaka naambiwa, 'Anaendelea vizuri, anakushukuru.' Anaendelea vizuri kufanya nini?"

Sasa ilikuwa zamu ya Mama kuinamisha kichwa. "Hapo umenipata, Bibi. Barua zangu zimekuwa kavu."

"Kavu kweli! Lakini ya binti yako imezidi maji, tungezama." Bibi Mikate akasimama. "Ijumaa tutakuja. Kwa wenzangu utazungumza wewe mwenyewe, bibie mwandishi."

Ijumaa saa nne akina mama tisa walijipanga nje ya zizi, wamevaa nadhifu, mabegi ya nguo miguuni. Binti wa mifugo alisimama kando pamoja na baba yake, ambaye Mama alikuwa amemwalika rasmi. Alikuwa mtu mrefu, mwenye kofia ya kazi. Bwana Bahasha alimletea Chumvi ndoo, akaigeuza, Chumvi akapanda juu yake. Akawaambia akina mama ukweli na kuwaomba radhi, wao na familia ya binti.

Baba dereva alisogea. "Kumbe ndiye wewe uliyenizika?"

"Ndiyo, baba. Nisamehe."

"Mazishi yenyewe yalikuwa makubwa?"

"Watu tisa walilia," Chumvi alinong'ona.

"Tisa si wabaya," alisema baba dereva, na akina mama wakaangua kicheko mpaka ng'ombe wakageuka kutazama. Mmoja wao alibaki amenuna, akasema yeye hapendi kuchezewa machozi yake, na hakuna aliyembishia. Lakini hata yeye, ndama alipotolewa nje, aliomba chupa amnyweshe. Nguo walikubaliana kuzipeleka wodi ya watoto hospitalini. Bibi Mikate na binti hawakuonekana tena kwa muda. Walikuwa ndani ya zizi, wakizungumza habari za maziwa, chanjo na wafugaji, na Bibi Mikate alipotoka alitangaza mbele ya wote kwamba atamsomesha binti mpaka amalize, na mwaka ujao ataongeza mwanafunzi mwingine.

Wageni walipoondoka, Mama na Chumvi walibaki bombani wakiosha mabuti waliyoazimwa.

"Mama, kwa hiyo nisisimulie tena?"

"Nani kasema? Ofisi yetu inataka wasimuliaji. Mimi niliona aibu juzi kule kiwandani, kwa sababu mistari yangu mitatu haikumwambia yule mama chochote. Lakini wewe ulikaa kwenye kiti ukatunga, wakati zizi liko mwendo wa dakika kumi." Mama akafunga bomba, akamshika bega. "Mwanangu, anayetoa anatukabidhi imani yake, na anayepokea anatukabidhi heshima yake. Ukimdanganya mmoja, umewaumiza wote wawili. Mtu akitaka kuwaongoza wengine katika kazi hii, au kazi yoyote, awe tayari kwenda kuona, kuuliza, na akikosea, kusema 'nimekosea' kwa mdomo wake mwenyewe. Hilo la mwisho umelifanya mara tatu wiki hii. Watu wazima wengi hawajalifanya hata mara moja."

Jumatatu iliyofuata barua mpya zilikuwa nane. Chumvi hakukaa kwenye kiti. Alichukua daftari, akamwomba Bwana Bahasha ampeleke karakana ya useremala, alikokuwa mwanafunzi wa barua ya kwanza, na alipofika alisubiri mpaka msumeno ukazimwa.

"Kaka," alisema, kalamu ikiwa tayari, "unatengeneza nini?"