Saa ya Bibi Kutua

Kila Jumamosi baada ya chakula cha mchana, Dzifa huosha vyombo uani kwao Tema, na rafiki yake Kekeli huvisuuza. Jumamosi hiyo mikono ya Dzifa ilikuwa majini, lakini mawazo yake yalikuwa uwanja wa ndege wa Accra. Bibi yake, ambaye hakujua Kiingereza wala hakuwa na simu, alikuwa anarudi peke yake kutoka Johannesburg.

"Bibi yako anatua saa ngapi?" Kekeli aliuliza.

"Saa moja jioni. Ndege imeondoka saa saba mchana. Kilomita elfu nne na mia sita hivi, mwendo wa saa sita. Nilipiga hesabu mwenyewe."

"Saa saba ya kwao au ya kwetu? Mjomba wangu yuko kule. Jua likianza kuzama hapa, kwake giza limeshaingia."

Sahani ilimponyoka Dzifa mkononi. Alhamisi, alipompa baba yake saa hiyo ya kutua, baba alimwuliza, "Umehakiki?" Naye, kwa haraka ya kwenda kucheza ampe, mchezo wa kuruka na kupiga makofi, na wenzake, akajibu, "Nimehakiki." Hakuwa amehakiki chochote.

Alichukua kijiti akaandika mchangani. Johannesburg iko mbele kwa saa mbili. Saa saba ya kule ni saa tano ya hapa. Ongeza sita: saa kumi na moja! Na sasa ilikuwa saa tisa kasoro dakika chache.

"Mwambie baba yako ndege imewahi," Kekeli alinong'ona. "Nani atajua?"

"Mimi nitajua," Dzifa alisema, akatoka mbio.

Karakana ya baba yake, Bwana Agbeko, ilikuwa ng'ambo ya soko. Dzifa alikatiza katikati ya wauza samaki, huku mama mmoja akifoka, "We mtoto, unafukuzwa na nani?" Jua lilimchoma, ndala ikakatika, akaivua akaendelea pekupeku. Alifika akihema, msumeno wa umeme ukiunguruma.

"Baba!" alipaza sauti. "Bibi anatua saa kumi na moja, si saa moja! Nilisahau tofauti ya saa. Na ile Alhamisi nilikudanganya. Sikuhakiki."

Bwana Agbeko alizima msumeno. Aliitazama saa ya ukutani. "Ingia garini."

Njiani foleni iliwabana. Walifika saa kumi na moja na robo. Baada ya dakika ishirini, Bibi alitokea akisukuma mizigo, macho yakihangaika huku na huku. Alipowaona, uso ulimkunjuka.

"Wanangu! Nilishaanza kujiuliza nitamwomba nani msaada, na kwa lugha gani!"

Dzifa alimkumbatia, machozi yakimlengalenga.

Walipokuwa wakipakia mizigo, Bwana Agbeko alimshika binti yake bega.

"Kukosea hesabu si aibu, Dzifa. Hata mimi hukata mbao fupi. Lakini ukisema umehakiki, mwenzako huacha kuhakiki, kwa sababu amekuamini. Leo umekimbia kuusema ukweli ungali na faida. Siku nyingine, anza nao."

"Nimesikia, Baba," alijibu Dzifa, akaubeba mfuko mzito kuliko yote.