Keki ya Kiboko

Kila Jumamosi asubuhi, wenzake wakiwa bado wamejifunika shuka gubigubi, Fundi huwa ameshavaa aproni inayomfika kwenye vifundo vya miguu, anakata karoti. Shangazi yake alikuwa mpishi mkuu wa jiko la bustani ya wanyama. Jiko lenyewe halikunukia vitunguu wala mafuta, bali majani mabichi, pumba na ndizi zilizoiva kupita kiasi. Ukutani zilining'inia ndoo, kila moja imechorwa picha ya mwenyewe: twiga, nyani, kobe, mbuni. Kiboko peke yake hakuwa na ndoo. Yeye alikuwa na beseni ambalo mtoto angeweza kuogea, nalo lilikaa sakafuni kwa kuwa hakuna msumari ambao ungelihimili.

Jina la Fundi alipewa na wanafunzi wenzake. Ndiye aliyepamba kuta za darasa lao, na akiona karatasi imebandikwa upande hatulii mpaka ainyooshe. Jumamosi hii alikuwa na jambo kubwa. Kiboko wa bustani, jike mnene aliyeitwa Pipa, alikuwa anatimiza miaka thelathini. Darasa zima lilikuwa limealikwa, wapiga picha walikuwa njiani, na kazi ya kupamba keki ya Pipa alikuwa amepewa yeye.

"Keki yenyewe nimeshaimaliza," shangazi alisema akipangusa mikono. Mezani ulisimama mnara wa majani yaliyokatwakatwa na kushindiliwa pamoja na pumba na maboga, ukazungushiwa vipande vya tikiti maji. "Wewe andika jina lake tu, kwa karoti. Na kanuni ya jiko hili inasemaje?"

"Kisicholiwa hakiingii kwenye chakula."

"Hata?"

"Hata uzi, shangazi."

"Haya mama, nakuamini. Naenda kutafuta toroli."

Fundi alianza kupanga vipande vya karoti ubavuni mwa keki. Alimaliza herufi ya kwanza, akarudi nyuma kuitazama. Ikateleza. Tikiti lilikuwa limelowa, karoti hazikushika. Akairudishia, ikateleza tena, na safari hii ikaanguka pamoja na herufi ya pili.

Nyuma ya wavu wa dirisha kilitokea kichwa kirefu. Alikuwa Mlingoti, mvulana wa darasani kwao ambaye hakuna dirisha lililomshinda kuchungulia.

"Fundi, hiyo herufi inalala au inaumwa?"

"Niache, nina kazi."

"Naiona kazi! Wapiga picha wameshafika getini. Kesho gazetini wataandika: keki yatapika karoti!"

Nyuma yake wengine waliangua kicheko. Masikio ya Fundi yalipata moto. Alitazama huku na huku, na macho yake yakaangukia meza ya chai ya wafanyakazi. Juu yake palikuwa na kopo la vijiti vya meno.

Ni mti tu, alijiambia. Kiboko anakula majani, na majani si yanatoka kwenye mti?

Akachukua kopo. Alichomeka kijiti nyuma ya karoti hii, kisha ile, akivisukuma hadi visionekane. Kimoja kilivunjika mkononi, naye akakisukuma ndani kwa kidole. Alipomaliza, jina la PIPA lilisimama wima kama askari gwarideni.

Shangazi aliporudi na toroli alishika kiuno. "Lo! Umezifanyaje zikasimama hivi?"

"Nimezikandamiza tu."

Uongo huo ulimtoka kwa wepesi hata yeye mwenyewe akashtuka. Shangazi alimpigapiga begani kwa fahari, na mahali pale alipomgusa pakawa pazito.

Uwanja wa mbele ya bwawa la kiboko ulikuwa umefurika watu. Meneja wa bustani, ndani ya suti nyeupe, alikuwa akiwapanga wapiga picha. Pipa alikuwa ameshatoka majini, amesimama kwenye hori lake la chakula, anasubiri. Daktari wa wanyama alishika kipaza sauti.

"Tazameni kinywa hicho," alisema, na Pipa, kana kwamba ameelewa, akakifunua kinywa chote. Watoto wakapiga kelele. "Huyu hachambui chakula chake kama nyinyi mnaoondoa vitunguu kwenye mchuzi. Anaponda kidogo, anameza. Kikishaingia humo, hatuna njia rahisi ya kukifuata."

"Akimeza kitu kibaya je?" aliuliza mtoto mmoja.

Daktari alishusha sauti. "Ndiyo maana tunawaomba msiwatupie wanyama kitu. Tulikuwa na mbuni hapa. Mtu alitupa kijiti chenye ncha, kidogo kuliko kidole chako, naye akakiokota. Kilimtoboa utumbo. Tulikesha naye, lakini hatukuweza kumwokoa."

Kidogo kuliko kidole. Fundi alitazama nyuma. Shangazi alikuwa anakuja na toroli, uso umechanua, na watu walikuwa wakimpisha huku wakipiga makofi. Wimbo wa siku ya kuzaliwa ukaanza. Fundi alipiga hatua moja, akasita. Akisema, darasa zima litamcheka. Na shangazi je? Si watasema jikoni kwake hakuna usalama? Na asiposema?

Gurudumu la toroli liligusa ukingo wa hori.

"Shangazi, simama!"

Wimbo ulimeza maneno yake. Alipenya katikati ya watu, akamkanyaga mmoja, akamsukuma mwingine, akaishika toroli kwa mikono miwili.

"Usimpe! Nimeweka vijiti. Vijiti vya meno. Viko nyuma ya karoti."

Wimbo ulikatika kipande kwa kipande, mpaka waliokuwa nyuma kabisa nao wakanyamaza. Shangazi alitazama keki, kisha akamtazama Fundi, na lile tabasamu lote likamtoka usoni.

Daktari aliruka kizuizi akaanza kung'oa karoti. Alitoa vijiti kumi na viwili, kimoja kimoja, akivilaza kwenye kiganja chake. Baada ya muda akapapasa ubavu wote wa keki, asikute kingine.

"Vilikuwa vingapi?" aliuliza.

Fundi hakuwa amevihesabu.

"Wageni wanasubiri, mwanangu," alisema meneja kwa upole, akipangusa jasho. "Daktari ameshavitoa vyote, sivyo?"

"Sema kumi na viwili, umalize!" Mlingoti alimnong'oneza kutoka nyuma. "Nani atajua?"

Ilikuwa rahisi mno. Neno moja tu, na wimbo ungeanza tena. Meneja alikuwa anamtazama kwa macho ya kumsihi. Pipa alikuwa bado ameacha kinywa wazi, mate yanamdondoka, hana habari wala wasiwasi. Alikuwa anawaamini.

"Sijui," Fundi alisema.

"Hujui?"

"Sikuvihesabu. Na kimoja kilivunjika, nikakisukuma ndani. Sijui kama kimetoka." Machozi yalikuwa yanamtiririka, lakini sauti haikutetemeka. "Siwezi kusema vimekwisha. Sijui."

Shangazi aliigeuza toroli. "Basi Pipa hali keki hii."

"Na picha?" meneja aliuliza.

"Kuna matikiti stoo, bosi. Watapiga picha za matikiti." Akamgeukia Fundi. "Unangoja nini? Kimbia. Na wewe mrefu, uliye hodari wa kunong'ona, mfuate. Mikono hiyo mirefu ina kazi leo."

Walirudi wakihema, wamekumbatia matikiti makubwa mazima. Pipa alipoona la kwanza linakuja alipanua kinywa, akalipokea na kulipasua kwa mlio mmoja, pwaa! Maji mekundu yaliruka hadi safu ya mbele na kuichora suti ya meneja kuanzia kola hadi mifukoni. Meneja aliitazama, kisha yeye mwenyewe akacheka, na uwanja mzima ukalipuka. Wapiga picha hawakujua wampige yupi kwanza. Wimbo ukaanza upya, kwa nguvu kuliko mwanzo.

Fundi peke yake hakuimba.

Wageni walipoondoka, waliibomoa keki kwenye sakafu ya jiko, wakaichambua konzi kwa konzi: shangazi, Fundi na Mlingoti ambaye hakuna aliyemwalika lakini alibaki. Walipekua mpaka chini kabisa. Hawakuona kijiti hata kimoja.

"Kumbe vyote vilikuwa vimetoka!" Mlingoti alisema. "Keki imetupwa bure."

"Bure?" Shangazi alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. "Ningempa keki ile, ningekaa wiki nzima nikimchungulia Pipa, nikishtuka kila anapokohoa. Tulipokuwa pale bwawani hakuna aliyejua kilichomo. Uhai wa mtu au wa mnyama hauchezewi kwa kubahatisha."

Fundi aliinamisha kichwa. "Nisamehe, shangazi. Nilikudanganya."

"Ulinidanganya, na nimeumia. Uliona aibu ya herufi kuanguka ukanificha, na uongo huo mdogo karibu umwue kiboko. Hilo usilisahau. Kwa mwezi mzima utaosha mabeseni, hutapamba kitu."

"Ndiyo, shangazi."

Shangazi alimvuta karibu, akamfuta pumba shavuni. "Lakini sikiliza na hili. Kukiri kosa ni kugumu. Jambo gumu zaidi ni pale watu wote wanapotaka useme 'nimemaliza', na wewe ukasema 'sijui'. Watu wazima wengi linatushinda neno hilo. Anayeweza kulisema mbele ya umati, kwa ajili ya asiyeweza kujisemea, huyo siku moja nitamwachia funguo za jiko hili."

Fundi alikunja mikono ya shati lake, akaliburuta beseni la kiboko hadi bombani, akaanza kusugua.